Waliomaliza Kifungo Kifupi Wafunguliwe Jeshi

Kijana wa Birmingham aliyemaliza kifungo kifupi kwa kosa lisilo la ukatili aruhusiwe kuomba kazi jeshini mara tu anapotoka gerezani.

Sheria ya Uingereza ya 1974 inakubali kwamba kosa hufutika kwa kupita muda. Tangu Oktoba 2023, aliyefungwa mwaka mmoja au chini husubiri miezi 12 baada ya adhabu kwisha ndipo kosa lake lifutike. Miezi hiyo ndiyo ya hatari. Anayetoka gereza la Winson Green mara nyingi hana kazi wala pa kulala, na waliomtia matatani wangali mtaani. Jeshi lina anavyovikosa: mshahara, kitanda, ratiba na mkubwa wa kumwajibisha.

Wabakaji na wakatili wabaki nje. Askari wa Uingereza hupelekwa pia mazoezini Nanyuki, Kenya, alikouawa mwanamke Mkenya, Agnes Wanjiru, mwaka 2012. Uchunguzi wa mahakama wa 2019 ulihitimisha kuwa askari wa Uingereza ndio waliohusika na mauaji hayo. Hapo hatulegezi kamba hata kidogo.

Wenye dhamana wapime kila ombi peke yake, na wamjibu mwombaji kwa maandishi, bila kumzungusha.