Wafichuaji wa Kusudi Lisilofichwa

Juma lililopita, katika uwanja mmoja wa mji wa Kitale, mbele ya umma uliokuwa umeketi juu ya viti vya plastiki vya kukodi tangu asubuhi, mhubiri mmoja kijana, aliyevaa suti ya samawati iliyombana mapajani na viatu vilivyochongoka mbele, alitangaza kwa sauti iliyofika mpaka stendi ya matatu kwamba mahali penye utajiri mkubwa kuliko pote duniani si benki wala machimbo ya dhahabu, bali ni makaburini, kwa kuwa huko, alisema, wamelala watu wasio na idadi waliokufa bila ya kuligundua kusudi ambalo Mungu aliwaumbia. Kisha akaamuru kila mtu amgeukie jirani yake na kumwambia asithubutu kufa kabla ya kulipata lake. Jirani yangu alikuwa mama wa makamo mwenye kikapu cha sukuma wiki miguuni pake. Alinigeukia, akaniambia maneno yale kwa adabu zote, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama nadhani krusedi itakwisha kabla ya soko kufungwa. Semina ya kufichuliwa kusudi, tuliarifiwa baadaye, ingeanza Jumatatu, na ada yake ni shilingi elfu mbili kwa kila mtu, chakula mbali.

Rai hii si mali ya kijana yule. Habari ya makaburi tajiri ilivumishwa na Myles Munroe, mhubiri wa visiwa vya Bahama aliyefariki kwa ajali ya ndege mwaka 2014, na mtindo wa kulitafuta kusudi kwa ratiba ulipata nguvu mwaka 2002, wakati Rick Warren wa Marekani alipotoa kitabu chake cha kusomwa kwa siku arubaini, kitabu ambacho, kwa insafu, humwonya msomaji tangu mwanzo asijidhanie kuwa yeye ndiye kiini cha habari. Onyo hilo wanafunzi wake wa huku kwetu wameliruka. Ugomvi wangu ni na itikadi iliyoota mizizi toka Kiminini mpaka Kanduyi, kwamba Mungu alimwumba kila mja kwa jambo moja mahsusi, akalificha, na kwamba asiyelifichua, hata akiwa mcha Mungu, mwema kwa jirani na mlezi wa yatima, ameishi bure.

Kwetu Bungoma hatuna haja ya kufundishwa habari za makaburi. Sisi huzika nyumbani. Mama yangu mzazi amelala nyuma ya jiko, karibu na migomba aliyoipanda kwa mikono yake, na kila asubuhi kuku hupita juu ya kaburi lake wakitafuta wadudu. Alilima ekari mbili kwa jembe la mkono, akalea watoto saba wa tumbo lake na wawili wa marehemu dada yake, akapika chai ya mikutano ya akina mama wa kanisa la Marafiki (Quakers) mpaka miguu ilipokataa kumbeba. Hakuhudhuria semina. Hakupata kuulizwa kusudi lake ni lipi, na lau angaliulizwa angalidhani muulizaji ana homa. Nasema kwa yakini kwamba kaburi lile ni fukara kabisa, hamna hazina ndani yake hata ya thumni, kwa sababu kila alichokuwa nacho mama yule alikitoa kabla hajaingia humo. Na mhubiri aliyemhesabu miongoni mwa waliopotea, bila ya kumjua, ana deni la kuniomba radhi.

Wazee wetu walikuwa na busara katika jambo hili. Akifa mzee wa Kibukusu mwenye heshima yake, baada ya maziko huitwa mnenaji wa kumuse, mtu wa ilimu na kumbukumbu, ambaye husimama mbele ya waombolezaji akaeleza ukoo na mila, na jinsi marehemu alivyoishi na watu. Haulizi marehemu alikuwa ameumbiwa nini kwa siri.

Nije kwenye hoja yangu, ambayo ni moja tu, nami nitaishikilia mpaka nikinaishe watu. Tuseme mkulima mwenye shamba kubwa la Cherangani, huko Trans Nzoia, amewaita vibarua alfajiri, wamefika na majembe yao, umande ungali juu ya majani, naye akawaambia hivi: kazi ipo, lakini nimeificha, atakayeigundua nitamlipa, asiyeigundua nitamhesabu kuwa amekula siku yangu bure, na nyapara wangu yule pale, mkimpa kitu kidogo, huenda akawanong'oneza. Vibarua wale wangalimwita mwendawazimu, na nyapara wangalimpeleka kwa chifu kabla jua halijapanda. Basi tabia ambayo hatuwezi kumstahimilia mkulima wa Cherangani, tunamsingizia Mola aliyeumba Cherangani, na wala hatuoni haya. Na yule nyapara tunamwita mtumishi wa Mungu.

Kazi haikufichwa. Ilitolewa kwa amri mlimani, mbele ya kaumu nzima, na wala si katika sikio la mtu mmoja. Mika aliifupisha kuwa mambo matatu ambayo mchuuzi wa nyanya anaweza kuyatenda kabla ya adhuhuri: haki, rehema na unyenyekevu. Yesu aliifupisha zaidi, ikawa mapenzi mawili, ya Mungu na ya jirani. Mtoto wa shule ya Jumapili huijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu vyake. Asiyeridhika na hayo hakukosa ufunuo. Amekosa tu kupenda kazi aliyopewa, kwa kuwa ni kazi ya kila mtu, haina jukwaa, na haiwezi kupigwa picha.

Tena watazameni hao walioitwa kweli kwa jambo mahsusi, ambao majina yao hutajwa sana katika semina hizi. Musa alikuwa akichunga mifugo ya mkwewe. Elisha alikuwa nyuma ya jembe la ng'ombe. Amosi alikuwa mchungaji na mtunza mikuyu. Petro alikuwa na nyavu mkononi, na Mathayo alikuwa mezani akitoza ushuru, kazi ambayo hata leo haina wapenzi. Hakuna hata mmoja aliyekutwa akijitafuta. Na walipoitwa, hawakushangilia: Musa alitoa udhuru wa ulimi mzito, na Yona alipanda jahazi akashika upande wa pili. Paulo, aliyeangukiwa na nuru njiani, alipofika Korintho alikaa na washona mahema akashona mahema, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoijua. Mungu, kwa ushahidi wa kitabu chake mwenyewe, huwatafuta watu mahali pa kazi, na njia ya semina hajapata kuitumia.

Wako walionijibu. Nilipomweleza mzee mmoja wa kanisa rai yangu hii, mtu ninayemheshimu, alinijibu kwamba haiwezekani mafundisho yale yawe batili, kwani mhubiri mwenyewe alianza akiwa kondakta wa matatu, akaligundua kusudi lake, na sasa anaendesha gari kubwa lenye vioo vyeusi. Sikuwa na la kusema. Ikiwa gari ndilo hoja, basi walanguzi wa magendo ya mpaka wa Chepkube, pale kahawa ya Uganda ilipokuwa ikivuka katika miaka ya 1970, walikuwa manabii wakubwa kupita wote waliopata kutokea katika mkoa wa Magharibi.

Laiti madhara yangeishia katika ada. Mpwa wangu, kijana wa Kamukuywa mwenye stashahada ya umeme, ambaye kwa kukosa kuajiriwa alikuwa ameamua kulima, alikwisha tifua ekari moja na nusu, amenunua mbegu na magunia ya mbolea ya DAP, na ameyapanga ukutani kama mtu mwenye akili zake. Mwezi wa Machi, mvua zikiwa ndiyo kwanza zinaanza, aliingia katika semina ya namna hii, akaambiwa kwamba kilimo si kusudi lake, na kwamba yeye ametengwa awe sauti kwa mataifa. Mbolea akaiuza, sadaka akaitoa. Nilipomwendea mwezi wa Juni, mahindi ya majirani yamefika kifuani, na shamba lake limejaa kishona nguo, nilimkuta kivulini akinyoa ndevu. "Mjomba," aliniambia, "nangoja mlango ufunguke." Mwezi wa Novemba alikuja kwangu kuomba gunia la mahindi. Nilimpa, kwa kuwa mama yake ni dada yangu. Lakini nilimwuliza mataifa yamesemaje.

Na kwa kuwa nimetaja mbolea, niruhusiwe kusema ninalolisema kila siku nyumbani mpaka mke wangu amechoka kulisikia. Mwaka 2024, katika mpango wa ruzuku wa serikali, wakulima wa nchi hii waliuziwa magunia ya kitu kisichokuwa mbolea, wakakitia ardhini pamoja na jasho lao. Manabii wetu, ambao huona kusudi la mtu tangu angali tumboni mwa mama yake, na humwona mchawi wa jirani kupitia ukuta wa matofali, hawakuona kilichokuwamo ndani ya gunia lililowekwa wazi mbele ya macho yao. Walioona ni waandishi wa habari.

Hapa ndipo penye uovu ambao sijasikia ukitajwa. Ukosefu wa kazi umevishwa kanzu ukaitwa ukosefu wa kusudi. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kiliposimama mwaka 2009, maelfu ya watu wa mji ule na viunga vyake hawakupotewa na kusudi: walipotewa na mshahara. Mkulima wa miwa wa Nzoia anayengoja malipo yake msimu baada ya msimu hana fumbo lolote rohoni. Anajua barabara aliumbwa afanye nini, amekwisha kulifanya, na hajalipwa. Kumwambia mtu kama huyo kwamba dhiki yake inatokana na kutoligundua jambo alilofichiwa na Mungu ni kumtukana yeye, na ni kuwatuliza wakubwa, ambao huketi safu ya mbele katika mikutano hiyo wakipiga makofi kwa furaha isiyo na kifani. Kwa nini wasifurahi? Lawama imehamishwa kutoka ofisini kwao ikapelekwa mbinguni. Hata Elijah Masinde wa Kimilili, aliyetoka katika kanisa la Marafiki akaongoza Dini ya Musambwa, na ambaye serikali ya kikoloni ilimfungia katika hospitali ya Mathari kama mwendawazimu, hakuwaambia Wabukusu kwamba jambo lao limefichwa. Aliwaonyesha ardhi iliyochukuliwa na walowezi.

Imani yenyewe ilipoingia pande hizi haikuja na fumbo. Mwaka 1902 Hotchkiss, Hole na Chilson walifika Kaimosi wakaanzisha misheni ya Marafiki, na ufundi ulikuwa katika jina lake. Walijenga kiwanda cha mbao, na watu wakafundishwa kuomba na kupasua mbao katika uwanja mmoja. Matunda ya mbegu ile ni kwamba Kenya leo ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Na hapo Kitale, katika kituo cha utafiti, Michael Harrison na wenzake walichanganya mahindi ya Kitale na mahindi yaliyoletwa kutoka Ecuador, mistari kwa mistari, mwaka baada ya mwaka, mpaka mwaka 1964 ikatoka mbegu ya H611 ambayo kwayo na dada zake mamilioni ya watu wamekula ugali. Sijui watu wale walikuwa na dini gani, wala sikusikia kwamba walifunuliwa kitu. Walihesabu mahindi.

Nami sitaki kumpakazia kijana wa suti ya samawati makosa ya wengine. Lakini mtu akishaamini kwamba Mungu hasemi naye waziwazi, na kwamba siri ya uhai wake imo mikononi mwa mfichuaji, ataamini chochote atakachofichuliwa. Katika msitu wa Shakahola, huko Kilifi, tangu mwaka 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kufunga mpaka kufa ili wamwone Yesu, wakiwamo watoto wengi. Mhubiri wa Kitale hawezi kufika huko. Anapenda chakula mno. Mlango alioufungua, hata hivyo, hana njia ya kujua nani ataingia nyuma yake.

Wachungaji wa Kitale na Bungoma nawaomba mambo mawili, na si makubwa. La kwanza, ada za vijana wasio na kazi zirudishwe, zote, kabla ya Pasaka. La pili, kama semina hizi haziwezi kukomeshwa, basi zisifanywe mwezi wa Machi wala wa Aprili. Ziwekwe Januari, wakati ardhi imekauka, hakuna cha kupanda, na mtu anaweza kukaa siku nzima akijitafuta bila ya kumtia njaa mtu mwingine.