Usiige Shamba la Mkoa Mwingine: Anza na Mwinuko, Mvua na Mimea ya Kwako

Leo sitafundisha nafasi za kupandia wala vipimo vya mbolea. Nataka kutoa maoni yangu kuhusu jambo linalowamaliza watu hela kila msimu: kuiga kilimo cha sehemu nyingine bila kuuliza sehemu hiyo ikoje.

Simu zimetuletea mafunzo mengi, na hilo ni jambo jema. Mtu wa Kongwa anaangalia parachichi za Hass za Njombe, anaagiza miche. Mtu wa Handeni anaona mahindi marefu ya Nigeria au Afrika Kusini, anatafuta mbegu kama ile. Video haidanganyi, mazao yale ni ya kweli. Lakini haikuonyeshi shamba lile liko mita ngapi juu ya usawa wa bahari, mvua inaanza mwezi gani, wala udongo wa chini una rangi gani. Msimamo wangu ni huu: mbegu, mche au mfugo ambao hujauliza unatoka mwinuko gani na mvua ipi, usiununue, hata kama unauzwa bei ya kutupa.

Afrika si shamba moja

Chukua mstari wa Ikweta peke yake. Mbandaka, kule Kongo, iko juu ya mstari huo. Ni bonde la chini, mvua hunyesha karibu mwaka mzima na msitu umefunga. Nenda mashariki mpaka Garissa, Kenya, ambako pia Ikweta iko karibu kabisa. Hapo ni nchi kame ya vichaka na migunga, na watu wanaishi kwa ngamia na mbuzi. Katikati ya sehemu hizo mbili umesimama Mlima Kenya wenye barafu kileleni. Jua ni lilelile, lakini kimo cha ardhi na upepo wa mvua vimetofautiana, ndiyo maana mimea nayo imetofautiana.

Hata miezi haifanani. Kuzunguka Cape Town mvua hunyesha wakati wa baridi, kati ya Mei na Agosti, miezi ambayo Dodoma vumbi linatimka. Ukifuata kalenda ya mkulima wa kule, utakuwa unapanda wakati jirani zako wanavuna.

Mwinuko ndio unaoamua joto

Kanuni ni rahisi: kila ukipanda mita 100, joto hupungua kwa takribani nusu digrii au zaidi kidogo. Ukipanda mita 1,000, umepoteza kama digrii 6.

Mfano mzuri uko mkoani Rukwa. Uwanda wa Ufipa, ilipo Sumbawanga, uko kwenye mita 1,800 hivi. Ukiteremka ukingo mpaka Bonde la Ziwa Rukwa, kwenye vijiji kama vya Muze, umefika kwenye mita 800 hivi. Juu watu wanavaa makoti na kulima mahindi, maharage, ulezi na ngano. Chini wanatafuta kivuli na kulima mpunga na ufuta. Mkoa ni mmoja na safari haimalizi siku, lakini mbegu iliyostawi juu haina uhakika wowote chini.

Ndiyo sababu kahawa ya arabika utaikuta miteremko ya Kilimanjaro, Mbozi na Mbinga, wakati Kagera, iliyo chini kidogo, inajulikana zaidi kwa robusta. Korosho nayo imetulia Mtwara na Lindi kwa sababu inapenda joto la nchi ya chini, na inahitaji kiangazi wakati wa maua. Unyevu ukizidi wakati huo, ubwiriunga unaingia na maua yanakauka.

Angalia pia ndani ya kijiji chako. Kule Njombe na Makete, usiku wa Juni na Julai, hewa baridi huteremka na kutuama bondeni. Asubuhi sakitu imeunguza viazi vya bondeni, na vya mteremkoni vimepona. Kwa hiyo usiseme tu "kijiji chetu ni cha baridi." Uliza shamba lako liko upande gani wa kilima.

Usiulize mvua ni nyingi kiasi gani tu, uliza inakuja lini

Mkanda wa mvua hulifuata jua kaskazini na kusini. Kwa hiyo maeneo ya kaskazini mwa nchi na pwani ya kaskazini hupitiwa mara mbili: vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na masika kuanzia Machi hadi Mei. Kanda ya kati, magharibi na kusini hupata msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Mtu wa Dodoma akiambiwa "panda masika," atakuwa anapanda wakati mvua inaaga.

Milima nayo inagawa mvua bila usawa. Upande unaopokea upepo wa baharini hunyeshewa, wa nyuma hubaki mkavu. Lushoto kuna mboga na matunda ya nchi ya baridi; shuka Mkomazi uone vichaka vya miiba. Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, lakini bonde la Usangu, ambalo haliko mbali, ni kavu kiasi kwamba mpunga wake unategemea sana mifereji ya mito inayotoka milimani.

Sasa piga hesabu. Dodoma hupata karibu milimita 600 tu kwa mwaka, ndani ya miezi minne au mitano. Mbegu ndefu ya mahindi ya nyanda za juu, kwenye baridi yake, huchukua miezi mitano mpaka sita kukomaa. Kweli, kwenye joto itakomaa haraka kidogo, lakini mvua itakata kabla punje hazijajaa, na magonjwa ya nchi ya joto itakutana nayo bila kinga. Mkulima aliyeuza mbuzi wawili kununua mbegu hiyo atavuna mabua. Hapo mtama wa muda mfupi kama Macia, uwele au alizeti ungempa chakula na hela. Mtama si zao la maskini. Ni zao la mtu anayejua hesabu ya mvua yake.

Mimea ya porini ni kitabu chako cha bure

Kabla hujatafuta maabara, tembea shambani ukiangalia kilichoota chenyewe:

1. Mibuyu ikisimama vizuri, hapo ni nchi ya chini yenye joto. Usipoteze hela kwa ngano, viazi mviringo au parachichi za baridi.
2. Matete yanaonyesha maji hutuama. Panafaa mpunga au magimbi. Mahindi yataoza mizizi.
3. Kiduha ndani ya mahindi au mtama ni dalili kwamba rutuba imechoka. Weka samadi, panda kwa mzunguko na kunde, na uking'oe kabla hakijatoa mbegu.
4. Kwenye nchi ya miombo, kama Tabora, udongo wa juu mara nyingi ni wa kichanga na rutuba yake ni ndogo. Ukikata miti yote kwa ajili ya shamba, unapata misimu michache mizuri, kisha unahama. Nyuki wangekulipa miaka mingi zaidi. Miombo huchipua majani mekundu wiki kadhaa kabla ya mvua: hiyo ni dalili ya kuandaa shamba, si ya kupanda.

Wazee walikuwa na elimu hii. Wasukuma wana majina ya udongo kuanzia juu ya kilima mpaka bondeni: luseni ya kichanga juu, itogolo ngumu inayoshika maji chini yake, halafu mbuga nyeusi bondeni. Kila moja ilikuwa na zao lake. Kijana anayelima vyote kwa mbegu moja ameacha elimu iliyokuwa nyumbani kwao.

Wewe mfanyabiashara, hii inakuhusu

Kama unauza pembejeo, usiuze mbegu kwa sababu tu imebaki stoo. Lebo ya TOSCI inathibitisha mbegu ni halali. Haisemi kwamba inafaa kijiji chako. Soma mwinuko na siku za kukomaa kwenye mfuko, mwambie mteja. Ukimuuzia isiyofaa mwaka huu, mwakani hana hela ya kununua kitu chochote dukani kwako.

Kama unanunua mazao, tofauti za kanda ndizo biashara yako. Mahindi ya vuli kaskazini hutoka Januari na Februari, wakati Rukwa na Ruvuma bado yako shambani. Mavuno makubwa ya kusini huingia sokoni kuanzia Juni. Anayejua kalenda hizo anajua wakati wa kununua na mahali pa kupeleka. Lakini kumbuka pia sumukuvu. Fangasi wake hupenda joto na mazao yaliyopata ukame. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine kufariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Ukinunua mahindi au karanga kutoka nchi ya joto, hakikisha zimekauka vizuri na hazijalazwa chini, maana unachopakia kinaenda kwenye uji wa mtoto wa mtu.

Wapo watakaobisha

Najua wapo watakaosema: "Mtaalamu, siku hizi kuna umwagiliaji." Ni kweli, na ningependa kila kijiji kiwe na mfereji. Lakini maji hayashushi mwinuko wala hayaleti baridi ya Njombe Kongwa. Ng'ombe wa maziwa aliyezoea baridi ya milimani, ukimpeleka pwani, utampa maji ya kutosha na bado joto litampunguzia maziwa, na kupe watamletea ndigana kali usipomwogesha.

Wengine watasema tabianchi imebadilika, kwa hiyo elimu ya zamani haifai. Mimi naona kinyume. Mvua zikianza kuchelewa, ndipo unapohitaji zaidi kujua shamba lako linaweza kuvumilia nini. Sikatai kujaribu vitu vipya. Jaribu, lakini kwa mistari mitatu pembeni, si kwa ekari zote tatu.

Maswali manne kabla ya kutoa hela

Shamba langu liko mita ngapi? Simu nyingi zenye programu ya ramani zinaweza kuonyesha, au muulize afisa ugani wa kata. Mvua yangu huanza na kukata lini? Andika tarehe kwenye daftari kila mwaka, na fuatilia utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Udongo na mimea ya hapa inaniambia nini? Na hiki ninachouziwa kimefanikiwa wapi, kwenye mazingira gani?

Ukiletewa kipeperushi kisichojibu hayo, hata kama kimeletwa na sisi wataalamu, kidai majibu. Una haki hiyo, maana hela ni yako na njaa ikija itabisha hodi kwako.