Motokari ya Viti Viwili

SHAURI LA MUCHUNGAJI KWA JAMAA



Mwezi huu tutazungumuza juu ya motokari. Musicheke. Katika maeneo yetu ya migodi, kijana anapopata feza yake ya kwanza, ikiwa aliitoa kwenye shimo ao aliipata kwa mushahara wa kampuni, jambo la kwanza linaloingia katika kichwa chake ni pikipiki, kiisha motokari. Sisemi kama ni zambi. Lakini kuna mambo ambayo muuzaji hatakuambia, na ni vizuri uyasome hapa mbele feza haijatoka mukononi.

Kijana mumoja wa kanisa letu, niliyemubatiza mimi mwenyewe, alishinda loteri ya visa na akaenda Marekani pamoja na muke wake na mutoto wao mudogo. Wanakaa katika muji wa Bowling Green, jimbo la Kentucky. Pale wako watu wengi waliotoka inchi za mbali, na Wakongo wenzetu wako pia. Anafanya kazi ya usiku katika kiwanda. Siku moja alinipigia simu, sauti yake imejaa furaha: "Baba Muchungaji, uniombee. Nimeona motokari. Mungu afungue mulango."

Nilimuuliza motokari gani. Akasema: Chevrolet Corvette ya mwaka wa 2008, imetumika, lakini iko safi.

Kwa wale wasioijua, niwaeleze. Corvette ni motokari ya Marekani ya mwendo kasi. Ya kwanza zilitengenezwa mwaka wa 1953 katika muji wa Flint, na mwaka ule zilitoka 300 tu. Tangu mwaka wa 1981 zinatengenezwa pale pale Bowling Green. Basi kijana wetu anaziona kila siku zikipita mbele ya macho yake. Ile aliyoitaka iko na moteri ya silinda 8, litre 6,2, nguvu ya farasi 430. Taksi ndogo tunazopanda hapa kwetu, nyingi hazifiki hata farasi 110. Ni kama kufunga moteri inne za taksi katika motokari moja. Na viti ni viwili tu.

Alinitumia picha. Nitasema ukweli mbele ya Mungu: niliitazama mara tatu, na mama wa nyumba yangu alinicheka. Ni kitu kizuri. Anayesema kama tamaa ya kitu kizuri haimugusi, huyo anajidanganya.

Lakini nilikumbuka baba yangu mudogo. Wale wa umri wangu hawajasahau miaka ya 2003 na 2004, wakati maelfu ya wafanyakazi wa migodi walipewa feza yao ya mwisho, wakaambiwa waende nyumbani. Baba mudogo alinunua motokari ya zamani iliyotoka Ulaya, akisema itafanya taksi na kulisha watoto. Rangi ilikuwa inangaa. Miezi mitano, moteri ikafa. Mpaka leo inasimama nyuma ya nyumba, na kuku wanataga ndani yake. Watoto wake wawili waliacha masomo mwaka ule.

Basi nilimuambia kijana: "Mwanangu, sitaomba leo. Kamata kwanza karatasi na kalamu, tuhesabu."

Bwana Yesu alifundisha juu ya mutu anayetaka kujenga munara: anapashwa kukaa chini kwanza na kuhesabu gharama (musome Luka 14:28-30). Tulikaa chini, yeye kule na mimi huku.

Bei ni dola 24 000. Alikuwa na 9 000. Ingine 15 000 atakopa banki kwa miaka 5, na banki inaomba faida ya 14 kwa mia. Hiyo ni karibu dola 349 kila mwezi. Mwisho wa miaka 5, ile motokari ya 24 000 itakuwa imekula karibu 30 000. Nikamuuliza juu ya asiranse. Alikuwa ameuliza: dola 240 kila mwezi, maana yeye ni kijana na motokari ni ya mbio. Tayari tumefika karibu 590, na hajaweka hata litre moja ya esanse. Na moteri ile inaomba esanse ya bei ya juu, na katika muji inakunywa karibu litre 15 kwa kilometre 100. Mipira ya magurudumu ni ya namna ya pekee, inayoweza kutembea hata ikiwa imetoboka, kwa sababu motokari ile haina gurudumu la akiba. Mipira yote mine inaweza kupita dola 1 000. Farasi 430 wote wanaomba majani.

Kiisha nilimuuliza: "Umetazama chini yake?" Akasema: "Baba, haina kutu hata kidogo." Hapo ndipo wengi wanadanganyika. Mwili wa Corvette si bati, ni nyuzi za kioo zilizoshikwa na gundi ngumu. Hauwezi kupata kutu hata ukikaa ndani ya mvua miaka makumi. Lakini mifupa ya chini ya motokari ile ni chuma, na kule wakati wa baridi wanamwanga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Ngozi inangaa, mifupa inaoza.

Tena kuna karatasi. Kule Marekani, motokari ikipata ajali kubwa ao ikizama ndani ya mafuriko, na asiranse ikasema haifai kutengenezwa, karatasi yake inaandikwa alama. Kuna watu wanaoinunua kwa bei ndogo, wanaitengeneza, wanaipaka rangi, wanaiuza. Kila motokari ya kule iliyotengenezwa tangu mwaka wa 1981 iko na namba ya alama 17, na kwa namba hiyo unaweza kutafuta habari nyingi za maisha yake.

Wewe musomaji hautanunua Corvette. Lakini hata ukinunua motokari ya zamani iliyoshuka Dar es Salaam, shika maneno haya. Usinunue usiku ao wakati wa mvua, maana giza na maji vinaficha makosa. Fika wakati moteri ni baridi. Ukikuta iko tayari moto, uulize sababu. Linganisha namba ya chuma na namba ya karatasi. Leta mekanisiye wako mwenyewe, usikubali yule wa muuzaji. Na usitoe feza siku ile ile uliyoiona. Anayekuambia kama kesho haitakuwapo, anataka usilale na kufikiri.

Sasa nitawaambia jambo lililotokea pale Bowling Green. Katika muji ule kuna nyumba kubwa ya makumbusho ya Corvette, ilifunguliwa mwaka wa 1994. Tarehe 12 Februari 2014, asubui sana, mbele watu hawajaingia, sakafu ilifunguka, na motokari 8 zikaanguka ndani ya shimo. Moja yao ilikuwa Corvette ya milioni moja, iliyotengenezwa mwaka wa 1992. Shimo lilikuwa na upana wa karibu metre 12, na kwenda chini karibu metre 9. Mutu hakuumia, tunamushukuru Mungu. Zote 8 zilitolewa, lakini 3 tu zilitengenezwa tena.

Sababu ni nini? Udongo wa kule uko juu ya mawe ya chokaa. Maji yanaingia pole pole, yanakula mawe, miaka na miaka, mpaka kunakuwa pango. Karibu na pale kuna pango la Mammoth Cave, refu kupita mapango yote yanayojulikana duniani, zaidi ya kilometre 600. Juu wanatembea, wanajenga, wanapanga motokari za bei kubwa chini ya taa. Chini ni wazi.

Ninyi wa Kolwezi munaelewa kupita mimi. Miaka ile ile, katika mtaa wa Kasulo, watu walikuwa wanachimba kobalti chini ya vyumba vyao wenyewe. Kitanda juu, shimo chini.

Kisha juma mbili kijana alinipigia tena. Alikuwa amefuata shauri. Alimupeleka mekanisiye, wakainua motokari, wakatafuta namba. "Baba Muchungaji, iko nzima! Mifupa mizuri, karatasi safi. Sasa unaweza kuomba."

Nilinyamaza kidogo. Kiisha nikamuuliza: "Na chini ya nyumba yako umetazama?"

"Namna gani, Baba?"

"Muke wako anasema nini?"

Hakujibu. Nilifikiri simu imekatika. Kiisha akasema kwa sauti ndogo: "Bado sijamuambia."

Na haikuwa hilo tu. Katika ile dola 9 000, dola 2 000 alikuwa amemuahidi dada yake, aliyebaki Likasi na mwaka mumoja wa mwisho katika masomo ya uuguzi. Yule dada alikuwa anangojea tangu mwezi wa tisa. Kila mara alipiga simu, kaka hakupokea. Motokari ilikuwa nzima. Pango lilikuwa nyumbani mwake.

Nilimuambia hivi: "Mwanangu, mimi si mukubwa wa feza yako. Usiku wote unaofanya kazi, Mungu anauona. Lakini viti ni viwili, na ninyi muko watatu. Mutoto atakaa wapi? Umuambie muke wako leo, mbele ya kulala. Umupigie dada yako kesho. Ukimaliza hayo mawili na bado munakubaliana kuinunua, unipigie, nami nitaomba kwa moyo wote."

Alimuambia. Muke alilia, si kwa sababu ya motokari, alilia kwa sababu ya kufichwa. Juma lile walikuwa na magumu nyumbani, sitawaficha. Dada alipata feza yake, na mwaka huu anavaa nguo nyeupe katika kituo cha afya. Corvette ile ilinunuliwa na mutu mwingine. Kijana wetu anasema kama siku moja, Mungu akipenda, atapata yake, kisha kulipa bila deni. Sikumukatalia. Nilimuambia siku hiyo anitumie picha, nitaitazama tena mara tatu.

Wazazi, musiwakemee tu vijana wenu juu ya tamaa ya motokari. Mukae nao na karatasi na kalamu. Kijana aliyefundishwa kuhesabu nyumbani hatafundishwa na muuzaji. Na ninyi vijana, kitu unachokiogopa kumuambia muke, mume ao muzazi wako, hicho hakijaiva bado kununuliwa.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZA NYUMBANI

1. Katika jamaa letu, kuna feza ao deni ambalo mumoja wetu anaficha? Kwa sababu gani?

2. Kitu tunachotaka kununua sasa kitaomba feza ngapi kila mwezi kisha kukinunua?

3. Nani anangojea ahadi yetu, na tangu siku gani?

Musome pamoja Matayo 7:24-27, kiisha muombe: Bwana, utufungue macho tuone yaliyo chini ya nyumba yetu, mbele sakafu haijafunguka. Amina.