Bi harusi wa Uingereza, usiyazike majani yako



Sisi tunaoshona nguo za harusi tunapokea mabibi harusi wengi wanaoolewa Uingereza. Somo anawafundisha kujifukiza udi, kupika na kumpokea mume. Ule uwanja wa majani nyuma ya nyumba hakuna anayeutaja. Basi mtoto wa watu anafika wakati wa baridi, Desemba jua la London linazama kabla ya saa kumi, nje tope na majani yamefifia. Wifi anakuja na ushauri: tandikeni zulia la plastiki, au mwageni zege, yaishe.

Sisi tunasema subiri kwanza. Majani hayo hayajafa. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 5 hivi yanaacha kukua, yanalala tu. Hayataki mashine wala mbolea mpaka joto lirudi. Kazi yako ni kukwangua kwa reki yale majani ya miti yaliyoanguka, maana yakilala juu wiki nzima yanaziba mwanga, yanashika unyevu, na chini kunaoza. Na asubuhi ukiona uwanja mweupe kama umenyunyiziwa chumvi, usikanyage, na watoto wazuie. Maji yaliyo ndani ya jani yameganda. Ukikanyaga linavunjika, na nyayo zako zitaonekana muda mrefu. Ngoja sakitu iyeyuke.

(Dera refu utalivuta topeni. Vaa suruali pana ndani, koti na buti za mpira. Ushauri wa mafundi huo.)

Zulia la plastiki tunalijua linapendeza pichani. Lakini kiangazi linachoma miguu, likichakaa ni taka, na ndege hapati mnyoo hapo. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba anachokila ndege katika alichopanda Muislamu ni sadaka. Majani si mtende, sawa, lakini kwa nini tuwafungie mlango viumbe waliokuwa wakila pale kabla hatujahamia?

Zege ndiyo balaa zaidi. Mvua ikikosa udongo wa kuingia inakimbilia barabarani na kwa jirani, na jirani ana haki yake. Hata serikali imeliona hilo: England, tangu 2008, kufunika uwanja wa mbele kwa zaidi ya mita za mraba 5 kwa kitu kisichopitisha maji kunahitaji kibali.

Halafu kuna jambo wanaume hawalifikirii. Bi harusi aliye mbali na mama na dada zake, siku nzima ndani na hita, dakika kumi na reki ndiyo nafasi yake ya kuona mbingu na kumsalimia mama wa nyumba ya pili. Ukimwagia zege uwanja ule, atoke kufanya nini?

Mwambie mumeo kwa upole akupe mpaka Machi. Majani yakianza kupanda, kata mara ya kwanza, kisu kiwe juu, kisha mwite wifi aje anywe chai nje.