Bonde la Semliki lilihamishwa kwa jina la afya

BARZA YA JUMAMOSI, na Kasereka Muhindo

Ukitoka Mbau kwa barabara ya Kamango, unaingia msituni na kuvuka mto Semliki. Siku hizi njia hiyo inatajwa kwa mauaji tu. Watoto wetu hawaambiwi kwamba bonde hilo lilikuwa na vijiji, na kwamba Wabelgiji waliwahamisha wenyeji milimani kwa sababu ya malale.

Malale ni ugonjwa wa kale. Kilichoufanya janga ni himaya. Kwetu Leopold II alitaka pembe na mpira, wapagazi wakaswagwa kutoka nchi hadi nchi, watu wakakimbilia porini, mashamba yakawa vichaka, mbung'o wakazaliana. Huko Busoga, Uganda, na visiwani Ziwa Victoria walikufa watu wapatao 250,000 kati ya 1900 na 1920.

Himaya ikajibu kwa amri. Watu walipangwa mstari, wakapapaswa shingo kutafuta tezi zilizovimba. Kusafiri kulihitaji cheti cha daktari. Na sehemu kubwa ya Semliki ikaishia ndani ya hifadhi, ile Parc Albert iliyoanzishwa 1925, Virunga ya leo. Waliohamishwa hawakurudishiwa ardhi yao.

Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, Mangina, serikali ilikuja na sura ileile: misururu ya magari, bunduki mbele, daktari nyuma. Desemba tukanyimwa kura ya rais Beni na Butembo, sababu ikitajwa Ebola na usalama, huku masoko na makanisa yakijaa kama kawaida. Februari vituo vya Ebola vya Katwa na Butembo vikachomwa. Tarehe 19 Aprili 2019 Dk. Richard Mouzoko akauawa Butembo akiwa kazini, na hakuna kinyongo kinachohalalisha damu yake. Hadi Juni 2020 walikuwa wamekufa watu 2,287.

Tuliitwa wakaidi, wajinga. Nakataa. Maelfu kwa maelfu ya hao wajinga walijitokeza kuchanjwa, tena wengi walichanjwa na wauguzi waliozaliwa hapahapa, wanaosema Kinande na kujua nani amefiwa.

Ebola ilirudi 2021, na itarudi tena. Safari hiyo askari wabaki kambini, pesa zianzie kwenye zahanati za vijiji, na hiyo Riposte, yaani operesheni ya kupambana na Ebola, iongozwe na wauguzi wetu.