Biharusi Ajue Kufunga Koki



Mfunguo Mosi ukiingia tu, kadi za harusi zinamiminika. Biharusi anawekwa ndani, anasingwa mpaka anang'ara, anachorwa hina, na somo yake anakaa naye kumfundisha mambo ya nyumba. Anatoka hapo anajua kufukiza nguo kwa udi, anajua kupokea wakwe, anajua mengine ambayo sitayataja hapa. Lakini ukimuuliza koki kuu ya maji ya nyumba anayohamia iko upande gani, hajui. Hakuna aliyemuonesha. Mimi nasema hilo nalo liingie katika mafunzo ya somo, na nitaeleza kwa nini.

Chukua jambo dogo kabisa, bomba la jikoni linalodondoka. Nyumba nyingi zetu maji yanatoka kwenye tangi, na tangi linajazwa siku maji yanapotoka. Bomba likidondoka usiku kucha, asubuhi huna maji ya udhu wala ya chai. Dawa yake mara nyingi ni kiraba kidogo cha ndani kilicholika, na bei yake haifiki hata nauli ya kumwita fundi. Unafunga koki kuu, unafungua bomba maji yaliyobaki yaishe, unaziba tundu la sinki kwa kitambaa (skrubu ikitumbukia humo umeongeza kazi), unafungua kichwa cha bomba kwa spana, unatoa kiraba cha zamani na kwenda nacho dukani upate cha ukubwa uleule. Unarudisha kama ulivyotoa. Basi.

Na kuna jambo jengine ambalo hatulisemi waziwazi. Fundi ni mwanamme, si maharimu wako, na mara nyingi anakuja mchana mume akiwa kazini. Dini yetu imekataza faragha ya namna hiyo. Matokeo yake ni mke kuomba kaka yake aache shughuli zake, au mama mkwe aje kukaa sebuleni saa mbili kwa ajili ya kitasa kilicholegea. Hamsini kwa mia ya hizo safari zingeondoka kama mwenyewe angekuwa na bisibisi. Hiyo hesabu ni yangu, msinishike nayo, lakini kila mwenye nyumba anaijua.

Najua jibu litakalokuja: makazi na matengenezo ni wajibu wa mume. Ni kweli, na sibishi. Kumtunza mke na kumpa mahali pa kukaa kuko juu yake, na mahari yako ni yako, hulazimiki kuyageuza kuwa ndoo za rangi. Ila kujua kazi hakumwondolei mume wajibu wake. Tena Bibi Aisha, radhiya Allahu anha, alipoulizwa Mtume (SAW) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alieleza kuwa alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na hadithi hiyo imo katika Sahih al-Bukhari. Kwa hivyo ngazi ishikwe na wote wawili. Nawaonya lakini: wapo wanaume wakiona mke anaweza, wanakaa wakangoja. Hilo lizungumzwe mapema, wiki ya kwanza, kwa upole, kabla halijawa desturi.

Kuta ndizo zinazotushughulisha zaidi, maana kila biharusi anataka chumba kipakwe upya. Hapa angalia kwanza nyumba yako ni ya namna gani. Nyumba za zamani za mawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe, zinavuta unyevu na kuutoa. Ukizipiga lipu ya saruji, ukaja juu na rangi ya mafuta inayong'aa, unyevu unafungwa ndani. Baada ya masika moja ukuta unatoa chumvi na rangi inabanduka vipande vipande. Mafundi wanakwambia upake tena. Usipake tena. Nyumba hizo zinataka chokaa. Lowesha ukuta kidogo, paka chokaa jepesi kama maziwa, acha likauke, rudia mara tatu au nne. Likiwa bichi halionekani kitu, usivunjike moyo, weupe unakuja likikauka. Pakeni jioni au kwenye kivuli, jua likikausha kwa haraka linakuwa unga.

Nunueni chokaa lililokwishazimwa. Lile lisilozimwa likikutana na maji linachemka na kuunguza, na hata lililozimwa linaumiza macho, kwa hivyo glavu na miwani ni lazima. Likiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi papo hapo kisha nenda hospitali. Na kama nyumba imo katika Mji Mkongwe, ambao uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, usibomoe wala kubadilisha kitu bila kwanza kuuliza mamlaka inayousimamia. Nyumba ya kukodi, makubaliano na mwenye nyumba yaandikwe, hata kama ni rafiki wa baba.

Rangi kuukuu nayo ina hatari yake. Huenda ikawa na risasi, na ukiisugua kwa msasa vumbi lake linaingia mwilini. Mwenye mimba, au anayehisi huenda amepata, asikae chumba hicho kabisa.

Halafu udhu, dada zangu. Hina inaacha rangi tu, maji yanafika kwenye ngozi. Rangi ya ukuta inaweka ganda, na ganda hilo kwenye kucha au kiwiko linazuia maji. Vaeni glavu, na kabla ya adhana jikagueni mikono vizuri. Rangi ya maji inatoka kwa sabuni ikiwa bado mbichi. Ya mafuta ilainishwe kwa mafuta ya kupikia kisha ioshwe.

Umeme msiguse. Kubadilisha globu, swichi ikiwa imezimwa, sawa. Kufungua soketi au kuvuta waya, hapana. Na juu ya paa pia msipande.

Uwani sasa, ambako mimi ndiko ninakopapenda. Ukiwa upande wa magharibi wa Unguja udongo unakubali karibu kila kitu. Wenzetu wa maweni, mashariki huko, jembe linagonga jiwe baada ya vidole vinne. Wao wapande kwenye ndoo kuukuu zilizotobolewa chini, udongo uchanganywe na samadi iliyooza. Mrehani unaota kwa kijiti tu ukikichomeka kwenye udongo wenye unyevu. Mchaichai unagawa shina la jirani. Mwasumini uanzishwe mvua za mwanzo, za vuli au masika, ili usikushinde kumwagilia, na ukishika utapata maua yako mwenyewe ya kikuba badala ya kununua kila Ijumaa. Maji ya kuoshea mchele yasimwagwe, yanatosha ndoo mbili tatu za mimea. Visahani vya chini ya vyungu vikaushwe kila wiki, kwa sababu mbu wanaoeneza homa ya dengi wanataga kwenye maji kidogo kama hayo, hapo hapo karibu na dirisha la chumba chenu.

Kwa mnaoulizana kwenye kundi la mashoga mumnunulie nini biharusi: seti ya vikombe ameshaletewa nne. Mchangieni nyundo, bisibisi mbili, spana ya kukaza na kulegeza, utepe mweupe wa kufungia bomba, pakiti ya viraba, tochi, na glavu. Vitieni kwenye kikapu cha ukili, na somo amuoneshe koki iko wapi.