Nyumba na Bustani: Kangaga Isiyo Kangaga



Wakati wa kaskazi, jua lilipokuwa kali, tulipata barua ya mama mmoja mjane akaaye Kariakoo. Katika barua hiyo alitueleza habari za chungu cha maua alichoachiwa na marehemu mama mkwe wake. Mama mkwe aliuotesha mmea ule katika kopo la mafuta, nao ukasitawi barazani miaka mingi, walipokuwa wakikaa nyumba ya chini. Nyumba ile ilipovunjwa, wakahamia ghorofa ya nne, na tangu siku hizo mmea umekuwa ukigeuka manjano na kupukutika kama pumba za mpunga. Majirani wamemwambia autupe. Yeye alitaka kujua neno moja tu: je, umekufa?

Swali hilo halijibiwi kwa kalamu. Kwa hiyo tulishika njia kutoka huku Magogoni, karibu na kivuko, tukaenda Kariakoo kwa miguu kabla jua halijapanda.

Tulipofika, tukamwamkia, akatuonyesha. Kweli ulitisha. Vitawi vilivyokuwa vikining'inia kama nywele za mtoto vilikuwa vikavu, na sakafuni chini yake palikuwa na vumbi la manjano. Walakini hatukukubali kusema umekufa, na sababu yake ni aibu yetu wenyewe. Miaka iliyopita sisi nasi tulikuwa na mmea wa namna hii, tukasafiri, tukarudi tukaukuta umekauka wote. Tukautupa jalalani, udongo na mizizi pamoja. Masika ilipokuja, tukauona jalalani umechipuka, majani yake kijani kibichi, mzuri kuliko ulivyopata kuwa chunguni. Mbuzi wa jirani akaumaliza kabla hatujauokoa.

Basi yafaa kwanza tueleze mmea huu ni mmea gani, maana ukijua asili yake hutasumbuka sana na ulezi wake. Watu wengi hudhani ni aina ya kangaga, kwa kuwa majani yake ni membamba. Si kangaga. Kangaga hazitoi maua wala mbegu. Huzaana kwa vumbi laini lililo nyuma ya majani. Huu hutoa maua madogo meupe, kisha matunda ya mviringo. Wauza miche huuita asparagasi, nao ni ndugu wa ile mboga ya machipukizi iuzwayo kwa bei kubwa katika maduka ya matajiri. (Machipukizi ya huu wa mapambo msiyapike.) Tena yale tuyaonayo kuwa majani si majani hasa, bali ni vijitawi vilivyojifanya majani. Majani yenyewe yamekuwa magamba madogo, na mahali pengine yamekuwa miiba, kama ajuavyo kila mtu aliyepata kuushika bila kuangalia.

Mjini mwetu twaziona sana aina mbili. Ya kwanza ni ile laini kama unyoya, ambayo wataalamu huiita Asparagus setaceus. Hiyo huota yenyewe porini tangu Ethiopia mpaka Afrika Kusini, na humo katikati ni nchi zetu hizi. Kwa hiyo si mgeni aliyeletwa na meli. Ni hiyo ambayo watu hukata kitawi chake na kukifunga pamoja na ua, bwana arusi akalivaa kifuani. Aina ya pili ni ya yule mama, yenye vitawi vinavyoinama na matunda mekundu. Hiyo asili yake ni Afrika Kusini, ijapo Linnaeus aliipa jina la Uhabeshi, Asparagus aethiopicus, mwaka 1767. Wakati huo wataalamu wa Ulaya waliweza kuliita jina hilo karibu Afrika yote ya kusini. Bustanini yajulikana zaidi kwa jina la Sprenger, yaani Carl Ludwig Sprenger, Mjerumani aliyekuwa na kazi ya miche karibu na Napoli, Italia, ambaye mwishoni mwa karne ya 19 aliieneza katika nyumba za Ulaya.

Apendaye kutazama miche ya kila nchi ikikaa pamoja na aende katika Bustani ya Mimea ya mjini, jirani na Makumbusho, ambayo ilianzishwa mwaka 1893, zamani za Wadachi, naye Dk. Franz Stuhlmann akiisimamia. Kivuli chake chatosha kuwa sababu ya kwenda.

Turudi Kariakoo. Tulilaza chungu ubavu, tukagonga kitako, mmea ukatoka mzima. Hapo ndipo mama alipopiga kelele kidogo, kwani chini hapakuwa na udongo wa kutosha hata kujaza kikombe. Palikuwa na mizizi tupu iliyojizungusha, na katikati ya mizizi vinundu vyeupe vilivyonona kama viazi vidogo. Tukakata kimoja kwa kisu, kikatoa maji. Mmea ulikuwa hai. Vinundu hivyo ndivyo ghala yake: wakati wa mvua huweka maji ndani yake, na wakati wa kiangazi huviacha vitawi vyake vife na kukaa kimya ukingoja. Kwa hiyo mwenye mmea huu asiutazame juu akakata tamaa. Na achimbe kidogo kwa kidole, avibonyeze vinundu. Vikiwa vigumu, uhai umo. Vikiwa vyote laini na vyenye harufu mbaya, vimeoza.

Ni nini basi kilichouumiza? Kwanza dirisha. Lilielekea magharibi, na jua la alasiri la mji huu huunguza vitawi hivi. Wapenda mwanga mwingi, lakini si jua lenyewe. Barazani kwa mama mkwe ulikuwa chini ya upenu. Pili, maji. Ghorofa lile lina kisima chake, na maji yake yana chumvi. Juu ya udongo tuliona ukoko mweupe. Tukamwambia akinge maji ya mvua katika ndoo, na kama hana, atumie ya bomba. Tatu ni ile njaa ya mizizi kukosa udongo. Hatukuona utitiri, yaani wale wadudu wadogo mno wekundu wafumao utando kama wa buibui, ijapo mara nyingi hao ndio huleta umanjano katika nyumba kavu. Dawa yao ya kwanza ni kuuogesha mmea kwa maji, chini na juu, mara kwa mara.

Tukafanya kazi pamoja, sisi tukishika na mama akikata. Vitawi vikavu tuliviondoa vyote kwa mkasi, kila kimoja chini kabisa karibu na udongo, maana kikikatwa katikati, kisiki kinachobaki hakichipuki vizuri, chakaa kama kijiti tu. Kisha tukaigawa mizizi kwa kisu cha mkate katika mafungu matatu, kila fungu na vinundu vyake. Udongo tulichanganya hivi: makopo mawili ya udongo mweusi, kopo moja la mchanga, na kopo moja la samadi ya zamani iliyokwisha kupoa. Vyungu viwe na tundu chini, na vigae juu ya tundu. Tukamwagilia mpaka maji yakatoka, tukaviweka chumbani penye mwanga wa asubuhi, mbali kidogo na dirisha. Mbolea nyingine tukamkataza mpaka aone machipukizi. Na juu ya kumwagilia, asihesabu siku. Atie kidole, na udongo ukiwa mkavu mpaka fundo la kwanza, ndipo amwagilie sana, kisha aache. Wanaomwagilia kidogo kidogo kila asubuhi, kwa huruma, ndio wauao mimea mingi.

Hata hapo lilibaki neno ambalo mama hakuliandika, nalo lilitushtua kuliko umanjano. Nyumbani mna mjukuu wa miaka miwili, atambuaye kila kitu kwa kinywa chake. Sakafuni, chini ya kiti, tuliona tunda moja jekundu kama ushanga, limekauka. Matunda haya si chakula. Mtoto akila, huweza kuumwa na tumbo, kutapika na kuhara. Tena utomvu wa mmea huwasha ngozi za watu wengine, na paka na mbwa nao hudhurika. Mama alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba kama ni kuchagua kati ya chungu na mtoto, atakitupa leo hii. Tukamwambia hana haja ya kuchagua. Fundi alitia kulabu darini, na vyungu vikatundikwa kwa kamba ya usumba, juu kuliko mkono wa mtoto aliyesimama kitini. Na tukapatana kwamba maua yakionekana, vitawi vyenye maua vikatwe kabla havijazaa. Ikiwa mtoto amekwisha kula, asafishwe kinywa, apelekwe hospitali, na tunda moja lichukuliwe ili mganga alione.

Matunda yanayokatwa yasitupwe kichakani. Ndege huyala na kuzitawanya mbegu mbali. Huko Australia mmea huu uliotoroka bustanini umeziba misitu, hata mwaka 2012 jamii hii ya asparagasi ilitiwa katika orodha ya magugu mabaya kabisa ya nchi ile. Mwenye kutaka kupanda mbegu na aondoe nyama yake, azilowe maji siku moja, azifukie juu juu tu, na awe na subira ya mwezi mmoja au zaidi. Sisi twapenda kugawa mizizi. Ni haraka, na mmea unaoupata ni ule ule wa mzee wako.

Juma la nne mama alituletea habari. Chungu cha kwanza kilikuwa na machipukizi matano, membamba kama uzi. Cha pili mawili. Cha tatu kimeoza, na kosa ni letu, kwani fungu lile tulilipa vinundu vichache mno. Mvua za masika zimeanza, ndoo zake zimejaa, na chungu cha kwanza amekitundika mahali aketipo kushona. Cha pili asema atampa bintiye aliyeolewa Kigamboni, kikisha kushika mizizi, naye amekwisha kumwambia juu ya kulabu.